Si Kila Palipo Wazi ni Patupu: Neno la Kiingereza "Void", Asili Yake na Namna ya Kulieleza kwa Kiswahili

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, yapo maneno yanayoingia katika uhakiki wetu kupitia mlango wa Kiingereza bila kubisha hodi. Mwanafunzi husoma kitabu cha nadharia kilichoandikwa kwa Kiingereza, au humsikiliza mwalimu aliyekisoma, kisha huandika jibu lake kwa Kiswahili huku mawazo yake yakiwa bado katika lugha ile nyingine. Mojawapo ya maneno hayo ni "void". Hutumiwa kuhusu nyumba iliyoachwa, moyo uliofiwa, sheria iliyokosa nguvu, anga isiyo na nyota na maisha yasiyo na maana. Mtahiniwa anapolikabili hukimbilia neno moja tu, utupu, akalibandika kila mahali.

Katika makala haya tutaangalia maana ya neno hilo, lilikotoka na maneno ya Kiswahili yanayogawana kazi yake. Utaona kwamba suala hili linazidi msamiati. Anayekosea jina la utupu hukosea pia kujua nani ameondoka, nani amebaki na nani anastahili kulaumiwa. Hapa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, kosa la namna hiyo liliwahi kuwagharimu watu ardhi yao. Tutalifikia jambo hilo mbele.

Asili ya neno lenyewe

Neno "void" si la Kiingereza kwa asili. Liliingia katika lugha hiyo yapata mwaka 1300 kutoka Kifaransa cha kale, ambako lilitamkwa "voide" au "vuide". Kifaransa nacho kililirithi kutoka Kilatini cha watu wa kawaida. Shina lake lina uhusiano na kitenzi cha Kilatini "vacare", yaani kuwa bila kitu, kuwa na nafasi, kutoshughulika.

Ukilijua shina hilo utawatambua jamaa wengi wa neno hili. "Vacant" ni chumba au kazi isiyo na mwenyewe. "Vacation" ni wakati usio na shughuli. "Evacuate" ni kuwaondoa watu mahali. "Vacuum" ni neno la Kilatini lililochukuliwa lilivyo na wanasayansi. Hata "avoid", ambalo leo maana yake ni kuepuka, hapo zamani lilimaanisha kukimwaga kitu au kutoka mahali.

Tukiyatazama maneno haya kwa pamoja tunaona jambo moja. Kilatini kilianza na wazo la nafasi isiyo na kitu wala mtu. Kiingereza kililichukua wazo hilo kikalitawanya katika sheria, sayansi, dini na fasihi, na katika nyanja karibu zote kikaendelea kutumia neno moja. Kiswahili hakikufanya hivyo. Kina neno moja kwa debe, jingine kwa moyo, jingine kwa mkataba na jingine kwa kijiji kilichohamwa. Utajiri huo ndio mtahiniwa anaoutupa anapoandika utupu kila mahali.

Tupu: neno lenye sura tatu

Tuanze na kivumishi -tupu, kwa kuwa ndicho kinachotumiwa zaidi na ndicho kinachokosewa zaidi. Ni neno la Kibantu. Mwanafunzi anayezungumza Kikuyu nyumbani analo tayari, kwani "tũhũ" ya Kikuyu ni jamaa ya tupu. Mahali ambapo Kiswahili kina p, Kikuyu mara nyingi kina h, kama inavyodhihirika katika hapa na "haha". Hata hivyo, jamaa si pacha. "Tũhũ" hubeba pia maana ya bure, yaani bila malipo au bila faida, na kwa sababu hiyo mwanafunzi wa huku kwetu hana budi kuwa mwangalifu asiyachanganye maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga.

Kisarufi, -tupu huchukua kiambishi cha ngeli: mtungi mtupu, mitungi mitupu, kikombe kitupu, vikombe vitupu, debe tupu, madebe matupu, ukurasa mtupu, mahali patupu. Ndiyo maana twasema mtu ameambulia patupu, tukimaanisha mahali alipotarajia kupata kitu hapakuwa na kitu.

Kimaana, -tupu ina sura tatu.

Sura ya kwanza ni ya kukosa kilichotarajiwa kuwa ndani. Debe tupu haliachi kuvuma, na mkono mtupu haulambwi. Hapa tupu inakaribiana na "void".

Sura ya pili ni ya kutochanganyika na kitu kingine. Ugali mtupu ni ugali usio na mboga. Uongo mtupu ni uongo usio na chembe ya ukweli. Mkutano wa wanawake watupu ni mkutano ambao hakuna mwanamume ndani yake. Katika sura hii, tupu inaonyesha kujaa: uongo umejaa pote, hakuna nafasi iliyobaki kwa kingine. Kwa hiyo ukiandika kwamba maisha ya mhusika ni anasa tupu, hukusema kwamba anasa zake hazina maana. Umesema kwamba hana jingine ila anasa.

Sura ya tatu ni ya kukosa kifuniko au vazi. Kutembea miguu mitupu ni kutembea bila viatu. Kuwa utupu ni kuwa uchi. Hapa ndipo mtahiniwa anapoanguka. Sentensi kama "mwandishi anatuonyesha utupu wa Maimuna" inaweza kumfanya mtahini adhani kwamba kuna tukio la kuvuliwa nguo, ilhali mwanafunzi alikusudia kueleza jinsi msichana huyo alivyokosa mapenzi na mwelekeo. Ikiwa huna budi kulitumia nomino utupu, lifafanue: utupu wa nini? Utupu wa maana, utupu wa moyo, utupu wa ahadi. Ukiliacha peke yake linamwachia msomaji kazi ya kukisia.

Wazi na pengo

Neno wazi hutumiwa kwa mahali pasipo na kizuizi: mlango wazi, uwanja wazi, nafasi wazi. Tofauti na -tupu, wazi halichukui kiambishi. Mlango ulio wazi waweza kuwa wa nyumba iliyojaa watu, na nyumba tupu yaweza kufungwa kwa kufuli tatu. Uwazi ni hali ya kuruhusu kupita au kuonekana, na ndiyo sababu viongozi husifiwa kwa uwazi, sifa ambayo "void" haiwezi kuibeba kamwe.

Nyanda zilizo kati ya Naro Moru na Laikipia zatufaa kama mfano. Kikuyu kina neno "werũ" kwa nyanda kama hizo zisizo na msitu, na Biblia ya Kikuyu hulitumia neno hilo kwa jangwa. Nyanda hizo zi wazi. Jicho hufika mbali. Lakini zina nyasi, wanyama, vijito vinavyotiririka kuelekea Ewaso Ng'iro, na njia za mifugo. Kuziita tupu ni kusema jambo tofauti kabisa.

Pengo nalo ni nafasi katikati ya vitu vilivyobaki. Jino likitoka, pengo hubaki kwa sababu meno mengine yapo. Kwa sababu hiyo hatusemi "pengo" pale ambapo hakuna chochote kilichosalia. Katika matanga twasikia kwamba marehemu ameacha pengo, na maana yake ni kwamba familia ingali pale na ndiyo inayoliona. Katika uhakiki, pengo lafaa kwa mhusika aliyeondoka ilhali wenzake wanaendelea kuishi, au kwa jambo ambalo mwandishi hakulisimulia kusudi ili msomaji alijaze mwenyewe.

Ombwe

Ombwe ni istilahi iliyoenea katika sayansi kwa nafasi isiyo na hata hewa, yaani "vacuum". Wanafalsafa waliomfuata Aristotle walikana kwamba hali hiyo inawezekana. Mwaka 1643 Mwitaliano Torricelli alilijaza bomba la kioo kwa zebaki, akaligeuza ndani ya bakuli, na juu ya zebaki iliyoteremka pakabaki nafasi isiyo na hewa.

Wakwea mlima wanaopitia njia ya Naro Moru huhema sana wakikaribia kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyembamba, kanieneo yake ikiwa imezidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Hata hivyo hilo si ombwe. Ni upungufu. Tofauti hii inafaa katika uhakiki pia: mhusika mwenye upungufu wa maadili si mhusika asiye na maadili kabisa.

Nje ya sayansi, ombwe limezoeleka katika lugha ya siasa. Twasoma magazetini kuhusu ombwe la uongozi. Sitiari hii ni nzuri kwa sababu ombwe huvuta. Kiongozi akiondoka bila mrithi, wenye tamaa huvutwa kuingia mahali pake. Litumie neno hili katika tamthilia ambapo kuondoka kwa mtawala kunaanzisha mng'ang'anio. Usilitumie kwa mjane anayelia chumbani mwake.

Batili, bure na hewa

Katika sheria, "void" ni kitu kisicho na nguvu. Kiswahili kina neno batili, lenye asili ya Kiarabu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 2(4), inaeleza kwamba sheria yoyote inayokinzana na Katiba ni batili kwa kiasi cha ukinzani huo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi kuhusu uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti mwaka huo, neno "void" lilisikika kila pembe ya nchi, na Kiswahili kikasema kwamba uchaguzi umebatilishwa. Jaribu kuweka tupu mahali pa batili uone. "Uchaguzi mtupu" ungekuwa uchaguzi bila jingine lolote, au uchaguzi wa maneno tu. Kura zilipigwa, masanduku yalijaa, fomu zilikuwapo. Kilichokosekana ni uhalali.

Bure ni kukosa malipo au kukosa faida. Tukisema bure bilashi twakaza maana, kwani bilashi ni Kiarabu cha "bila kitu". Mhusika aliyehangaika kurasa mia mbili bila kufanikiwa amehangaika bure. Juhudi zake hazikuwa tupu.

Hewa, mbali na maana yake ya kawaida, limepata matumizi ya kejeli katika Afrika Mashariki. Wafanyakazi hewa ni majina yanayolipwa mshahara ilhali hakuna watu. Tanzania iliendesha msako mkubwa dhidi yao mwaka 2016, na Kenya neno hilo si geni. Huu ni utupu wa aina ya pekee, maana unajifanya kuwa umejaa. Kwenye orodha kuna jina, namba na sahihi, na kwenye kiti hakuna mtu. Mhakiki wa tashtiti asikose kulitia neno hili katika mkoba wake.

Sifuri

Tukigusa kwa ufupi, sifuri ni utupu uliopewa tarakimu. Wahindi waliuita "shunya", yaani tupu, na mwaka 628 mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za kujumlisha na kutoa kwa kuitumia. Waarabu waliitafsiri kuwa "sifr", neno lao la kitu kisicho na kitu ndani. Mwaka 1202 Fibonacci wa Pisa aliiandika kwa Kilatini kuwa "zephirum", Waitaliano wakaifupisha kuwa "zero", na Waingereza wakaipokea baadaye. Kiswahili kilipata sifuri kutokana na Kiarabu. Kwa hiyo sifuri na "zero" ni ndugu, ilhali "void" ni wa ukoo mwingine kabisa.

Tahadhari moja: sifuri haina udugu na safari, ingawa kwa Kiswahili yanafanana. Katika Kiarabu huanza kwa herufi mbili tofauti, ambazo sisi hutamka kwa s moja.

Ukiwa na mahame

Sasa tumefika kwenye sehemu iliyo muhimu zaidi kwa mtahiniwa wa Fasihi.

Ukiwa ni hali ya mkiwa, na mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake: yatima, mfiwa, aliyetupwa na jamaa. Kwa hiyo ukiwa una sharti ambalo tupu haina. Lazima kuwe na kilichokuwapo kwanza, na lazima kuwe na mtu au mahali panapobaki kuhisi kuondoka kwake. Debe haliwezi kuwa na ukiwa. Nyumba inaweza, kwa kuwa ilikaliwa.

Wafasiri wa Biblia ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952, walipofika mwanzo wa kitabu cha Mwanzo, ambapo Kiingereza cha kale kina neno "void", walitumia maneno mawili pamoja, ukiwa na utupu. Kiebrania chenyewe kina jozi ya maneno pale. Uamuzi wao unatufundisha kwamba maneno haya mawili hayafanyi kazi moja. Lau yangefanya, moja lingetosha. Vivyo hivyo, Katama Mkangi alipoipa riwaya yake ya mwaka 1975 jina Ukiwa, hangeweza kuliweka neno Utupu badala yake bila kuibadilisha hisia yote.

Angalia jinsi neno hili linavyozifungua kazi mnazozifahamu. Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), Kongowea anafiwa na mamaye, Zainabu Makame, naye anasafiri kumtafuta babaye. Kongowea ni mkiwa kwa maana kamili ya neno. Ukiandika kwamba ana "utupu", umeifuta safari yake, kwa sababu aliyefiwa anajua anachokitafuta.

Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), nyumba ya Maksuudi ina mali na heshima ya mjini. Kisha Tamima anapewa talaka, Maimuna anatoroka, na nyumba ile yabaki ukiwa. Mhakiki mwangalifu atasema kwamba ukiwa huo umetengenezwa na mwenye nyumba mwenyewe. Hapo ndipo dhamira ya mwandishi ilipo: utengano una mtenganishaji.

Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, Ridhaa amepoteza mkewe na wanawe katika moto uliowashwa wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, na amebaki kutazama mabaki ya nyumba yake. Kiswahili kina maneno maalum kwa mahali kama hapo. Gofu ni jengo lililobomoka. Ganjo ni makazi yaliyoachwa. Mahame, kutokana na kitenzi kuhama, ni mahali watu walipohama. Maneno yote matatu yana ushahidi ndani yake, kwamba watu waliishi hapa.

Hapo ndipo tunaporudi Naro Moru. Jina lenyewe ni la Kimaasai, nalo hufafanuliwa kuwa na maana ya mawe meusi. Nanyuki na Ewaso Ng'iro pia ni majina ya Kimaasai. Vilele vya mlima, Batian, Nelion na Lenana, vilipewa majina ya viongozi wa kiroho wa Wamaasai na Mwingereza Mackinder aliyeukwea mwaka 1899. Lakini ukitembea Naro Moru leo, lugha utakayoisikia zaidi ni Kikuyu. Wenye majina walikwenda wapi?

Mwaka 1904 Olonana, yule aliyepewa kilele cha Lenana, pamoja na viongozi wengine walitia alama mkataba na Waingereza, na Wamaasai wa Naivasha na Nakuru wakahamishiwa Laikipia ili Bonde la Ufa lipewe walowezi. Mwaka 1911 mkataba wa pili uliwatoa Laikipia pia, na kufikia mwaka 1913 walikuwa wameswagwa kuelekea hifadhi ya kusini. Nyanda zilizo magharibi ya mlima zikawa mashamba ya walowezi. Sheria ya ardhi ya kikoloni ya mwaka 1902 ilijengwa juu ya wazo la ardhi isiyokaliwa, ambayo serikali ingeweza kuigawa. Kwa mfugaji anayehama kwa misimu, malisho yaliyopumzishwa yana mwenyewe. Kwa mpima ardhi aliyefika mwezi ambao mifugo iko kwingine, malisho yale yale ni matupu.

Unaona sasa uzito wa neno. Ukiita mahali patupu, hakuna aliyeondolewa na hakuna wa kuulizwa. Ukipaita mahame, swali linafuata lenyewe: nani alihama, na kwa nini? Wakikuyu wa Nyeri waliishi jambo la namna hiyo kuanzia mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilipowalazimisha kuacha maboma yao na kukusanyika katika vijiji vyenye ulinzi. Wakoloni walipotazama mabonde yaliyobaki kimya, walioishi humo waliyajua kuwa mahame.

Fasihi yetu ya leo bado inalifanyia kazi jambo hili. Katika hadithi ya "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, mtaa wa Madongoporomoka una watu, mna biashara, mna mkahawa wa Mzee Mago. Wenye nguvu mjini wanautazama kana kwamba ni nafasi inayongoja majengo yao. Lile jitu linaloingia mkahawani na kula kila kilichopo lina tumbo lisilojaa, na mabuldoza hufuata. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu unyakuzi wa ardhi katika hadithi hii, ana nafasi ya kueleza kwamba mnyakuzi huanza kwa jicho kabla ya mashine: huona patupu mahali palipojaa.

Utupu katika nadharia

Neno "void" hutokea sana katika maelezo ya udhanaishi na ya ubwege, kwa hiyo tuseme machache. Udhanaishi ni falsafa inayomchunguza mwanadamu aliyetupwa ulimwenguni akalazimika kujitafutia maana mwenyewe. Kitabu kikuu cha Mfaransa Jean-Paul Sartre kuhusu mada hii, kilichotoka mwaka 1943, kina neno la Kifaransa la kutokuwapo katika jina lake. Hapa utupu unaozungumziwa ni wa maana. Vitu vipo, watu wapo, mwanadamu ana kazi na chakula, na bado hajui kwa nini anaishi.

Mfano wetu mkuu ni Euphrase Kezilahabi (1944–2020), hasa riwaya ya Kichwamaji (1974). Kazimoto, kijana msomi, anaishia kujiua. Watahiniwa wengi wangeandika kwamba ana utupu kichwani. Hebu litafakari jina la riwaya. Kichwamaji si kichwa kitupu. Ni kichwa kilichojaa kitu kisichofaa kukaa mle. Kazimoto ana maswali mengi mno kuhusu Mungu, elimu, wazazi na kifo. Kilichomtoka ni imani kwamba maswali hayo yana majibu. Jibu zuri litasema kwamba Kazimoto amekosa maana ya maisha kwa sababu ya wingi wa mawazo, na huo ni uchambuzi ambao neno utupu peke yake lingeufunika.

Katika ubwege, tamthilia ya Amezidi (1995) ya Said Ahmed Mohamed inatuonyesha Ame na Zidi wakiishi pangoni. Pango ni uvungu wa mwamba, nafasi yenye kuta. Wahusika hawa wanajaza nafasi hiyo kwa maneno ya makuu ilhali hali yao ni ya ufukara. Hapa msemo wa debe tupu unafaa sana, kwa kuwa mlio wa maneno ndio unaotangaza kwamba ndani hamna kitu. Aidha waweza kusema wana utajiri hewa.

Namna ya kujibu

Unapokutana na hali ya utupu katika kazi ya fasihi, au unapotaka kulieleza wazo uliloliona kwa Kiingereza kama "void", jiulize maswali manne kabla ya kuandika.

Kwanza, je, hapo palikuwa na kitu kabla? Ikiwa hapakuwa na kitu, tupu yafaa. Ikiwa palikuwa na kitu, fikiria pengo, ukiwa au mahame.

Pili, je, yupo anayehisi kukosekana huko? Akiwapo, ukiwa ndilo neno. Asipokuwapo, usilitumie.

Tatu, je, kilichokosekana ni kitu, ni nguvu ya sheria, ni faida au ni maana? Kwa nguvu ya sheria andika batili. Kwa faida andika bure. Kwa maana, eleza wazi kwamba ni ukosefu wa maana.

Nne, je, kuna anayedai kwamba kitu kipo ilhali hakipo, au kwamba hakipo ilhali kipo? Wa kwanza anakupa hewa. Wa pili ni mnyakuzi, naye anastahili aya nzima.

Linganisha majibu haya mawili. Jibu la kwanza: "Nyumba ya Maksuudi ina utupu mkubwa na hii inaonyesha utupu wa maisha." Jibu la pili: "Nyumba ya Maksuudi yabaki ukiwa baada ya Tamima kupewa talaka na Maimuna kutoroka. Ukiwa huu unasababishwa na ukali wa Maksuudi mwenyewe, na unadhihirisha maudhui ya utengano." Jibu la kwanza limerudia neno bila ushahidi. La pili limetaja hali, limetaja waliohusika, limetaja chanzo na kufikia maudhui. Mtahini wa Karatasi ya Tatu hana sababu ya kulinyima alama.

Hitimisho

Tumeona kwamba "void" lilitoka Kilatini kupitia Kifaransa, na kwamba Kiingereza kimelitwika mizigo mingi. Kiswahili kimeigawa mizigo hiyo: tupu, wazi, pengo, ombwe, batili, bure, hewa, sifuri, ukiwa, mahame. Mwalimu, usiwape wanafunzi orodha hii waikariri. Wape kifungu, waulize nani ameondoka na nani amebaki, na neno sahihi litakuja lenyewe. Nawe mtahiniwa, kalamu yako itakapotaka kuandika utupu, isimamishe kidogo uulize ni utupu wa nini, na ni nani aliyeuleta.

Maswali ya mazoezi

1. Tofautisha maana ya -tupu katika: (a) kikapu kitupu (b) uongo mtupu (c) miguu mitupu. (alama 3)

2. Tunga sentensi moja moja kuonyesha matumizi sahihi ya: pengo, ombwe, ukiwa. (alama 3)

3. "Uchaguzi umebatilishwa." Eleza kwa nini neno tupu halifai katika muktadha huu. (alama 2)

4. Ukirejelea riwaya yoyote uliyoisoma, eleza jinsi mwandishi anavyousawiri ukiwa, ukionyesha chanzo chake na athari zake kwa wahusika. (alama 10)

5. "Mnyakuzi huona patupu mahali palipojaa." Jadili kauli hii kwa kurejelea hadithi fupi ya "Tumbo Lisiloshiba". (alama 20)